Kozi Aliyeokolewa na Daftari

Katika mji wa Derby, katikati ya Uingereza, kila majira ya joto yanapokaribia utawakuta watu wamesimama kwenye uwanja wa majani nyuma ya kanisa kuu, nyuso zimeelekea juu. Kuna bibi aliyetoka sokoni na kapu lake la mboga, kuna karani aliyekuja kulia chakula cha mchana nje ya ofisi, kuna watoto wanaogombea zamu ya darubini. Darubini zenyewe husimamishwa pale na watu wanaojitolea, na mpita njia yeyote hukaribishwa achungulie bure. Juu, kwenye mnara wa karne ya 16 wenye urefu wa mita 65 hivi, limefungwa jukwaa lililomwagiwa kokoto. Humo ndimo anamolelea watoto wake ndege mwenye kasi kuliko kiumbe chochote kinachoruka, kinachokimbia au kinachoogelea.

Ndege huyo ni kozi, ambaye wanasayansi humwita Falco peregrinus. Mgongo wake ni wa kijivu kilichoingia samawati, tumbo ni jeupe lenye mistari myeusi iliyokingama, na chini ya kila jicho kuna doa jeusi lililoshuka mashavuni kama sharubu. Jike humzidi dume kwa ukubwa, karibu kwa theluthi moja. Akitaka kuwinda hupanda juu sana, hukunja mabawa, kisha hujitupa chini kwa kasi inayopita kilomita 300 kwa saa. Jike mmoja aliyefunzwa na mmiliki wake nchini Marekani, Frightful kwa jina, aliwahi kupimwa akifikia kilomita 389 kwa saa. Windo hupigwa hukohuko hewani, na likiwa bado hai hukatwa uti wa shingo kwa jino dogo lililo kwenye ukingo wa mdomo.

Wazee wa pwani walisema: kozi mandanda, kulala na njaa kupenda. Stadi wa namna hii hakosi riziki ila kwa hiari yake. Lakini katika karne ya 20 kozi alikaribia kutoweka katika nchi nyingi, na hakuwahi kukosa chakula. Njiwa walikuwa tele. Alikula akashiba, na kile alichokula ndicho kilichommaliza.

Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza ilitoa amri kozi wauawe. Ndege za kivita wakati ule zilibeba njiwa waliofunzwa, ili rubani akianguka baharini na redio ikafa, njiwa apeleke habari nyumbani. Kozi wa majabali ya pwani walihesabiwa kuwa ni hatari kwa wajumbe hao. Takriban 600 waliuawa kabla vita havijaisha, mbali na mayai na makinda walioharibiwa. Amri ilipoondolewa, kozi walianza kurudi kwenye majabali yao, na kama hadithi ingeishia hapo leo tusingekuwa na la kusimulia. Mtu akiacha kumpiga risasi, kozi hurudi mwenyewe.

Safari hii kurudi huko kulikatika. Na jambo ambalo kila mara hunisimamisha ninapoisoma historia hii ni kwamba waliosababisha ukweli huo ujulikane walikuwa wanadai kinyume chake. Mwaka 1960 wafuga njiwa wa mashindano walipeleka malalamiko serikalini kwamba kozi wamekuwa wengi mno, wanawamalizia njiwa wao, na kwamba sheria iache kuwalinda. Wakubwa wakaamua kwamba kabla ya kufuta ulinzi, kozi wahesabiwe. Kazi hiyo ilipewa shirika la wachunguzi wa ndege, British Trust for Ornithology, na mwaka 1961 mtaalamu aitwaye Derek Ratcliffe akaanza kuiratibu. Watu wakaenda kwenye majabali ambayo vizazi na vizazi vilijua kuwa ni makao ya kozi. Wakakuta kimya. Mahali pengine walikuta jozi moja, na chini ya mama mayai yaliyopasuka. Ilipofika mwaka 1963 idadi ilikuwa asilimia 44 tu ya ile ya kabla ya vita. Wafuga njiwa waliomba kozi wapunguzwe, wakapewa habari kwamba wanakwisha.

Hali ilikuwa hiyohiyo ng'ambo ya bahari, tena mbaya zaidi. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani walitembelea maeneo 133 mashariki ya nchi hiyo ambako kozi walikuwa wakizaa tangu zamani. Hawakupata jozi hata moja.

Mshukiwa alikuwa ni dawa za wadudu, lakini kushuku ni rahisi, kuthibitisha ndiyo kazi. DDT ilikuwa dawa yenye heshima kubwa. Mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aliyegundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, na ilikuwa haki yake: DDT iliokoa watu wasiohesabika kutokana na homa ya chawa na malaria. Sisi tunaoishi na mbu hatuwezi kuizungumzia dawa hiyo kana kwamba ilikuwa uovu mtupu. Hata Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, uliopiga marufuku kemikali nyingi sumu, uliiruhusu DDT iendelee kutumika kudhibiti wadudu waenezao magonjwa. Madhara yalitokana zaidi na kumwagwa kwake mashambani na misituni, mwaka baada ya mwaka. Dawa hiyo haiozi upesi. Mdudu huimeza, ndege mdogo hula wadudu mia, kozi hula ndege mia, na kila hatua sumu hujilimbikiza katika mafuta ya mwili. Aliye mwisho wa mlolongo ndiye anayebeba mzigo wa wote.

Ratcliffe alifikaje kwenye ushahidi? Kupitia mayai ya zamani. Tangu karne ya 19 kulikuwa na Waingereza wenye uraibu wa kukusanya mayai ya ndege wa porini. Walipanda majabali kwa kamba, wakaiba mayai, wakayatoboa na kutoa ute, kisha wakayapanga kwenye droo zenye pamba. Uraibu huo ulikuwa mbaya, na sheria ya mwaka 1954 ikaukataza. Lakini wakusanyaji hao walikuwa na tabia moja njema: waliandika. Kila yai lilikuwa na tarehe na mahali lilikochukuliwa. Ratcliffe akapima uzito na ukubwa wa maganda hayo, mwaka kwa mwaka, katika majumba ya makumbusho na katika droo za watu binafsi. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967 katika jarida la Nature. Kwa miongo mingi ganda la yai la kozi halikubadilika. Kuanzia karibu mwaka 1947, DDT ilipoanza kutumika kwa wingi, uzito wa ganda ulishuka ghafla kwa karibu moja ya tano. Mama alipolalia mayai yake, aliyavunja kwa uzito wa mwili wake. Dawa nyingine za jamii hiyo, zilizopakwa kwenye mbegu za nafaka, ziliwaua kozi wazima moja kwa moja.

Naona hapo ndipo kiini cha habari nzima. Waliopanda majabali mwaka 1905 au 1930 hawakujua kwamba tarehe walizoandika kwa wino zingekuja kuwa ushahidi dhidi ya kemikali ambayo ilikuwa haijajulikana hata kuwa inaua wadudu. Bila tarehe hizo mayai yangebaki mapambo. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972. Uingereza ilizibana dawa hizo hatua kwa hatua hadi miaka ya 1980. Kozi wakaanza kuongezeka, na hesabu ya mwaka 2014 iliwapata jozi 1,769 katika Uingereza nzima pamoja na visiwa vyake vya jirani, idadi kubwa kuliko kabla ya vita.

Waliporudi, hawakurudi majabalini tu. Wakaingia mijini.

Ukimfikiria vizuri kozi, utaona kwamba hakuna la ajabu. Yeye hajengi kiota. Anachotaka ni ukingo ulio juu, usiofikiwa na mbweha, wenye changarawe au udongo wa kukwangua kishimo kidogo. Mnara wa kanisa, bomba la moshi la kiwanda, ghorofa ya 30 ya benki, vyote kwake ni jabali, na jabali hilo limezungukwa na njiwa. Kasoro ya jabali la mjini ni kwamba halina changarawe. Yai likitagwa kwenye saruji tupu huviringika, likitagwa kwenye mfereji wa paa huloa likafa. Ndiyo maana jukwaa la Derby likafungwa mwaka 2006, baada ya kozi kuonekana wakikaa mnarani. Wakalikubali, wakazaa. Mwaka uliofuata zikawekwa kamera, na tangu hapo mtu aliye popote duniani anaweza kuyaona mayai yakiwa bado na joto la mama. Huko Salisbury, kwenye kanisa kuu lenye mnara mrefu kuliko makanisa yote ya Uingereza, mita 123, kozi walizaa tena mwaka 2014 kwa mara ya kwanza tangu 1953. Jijini London wanazaa kwenye majengo kadhaa, na kwa miaka mingi wapenzi wa ndege waliwatazama kwenye bomba la moshi la jumba la sanaa la Tate Modern, kando ya mto Thames.

Msimu wenyewe una mpangilio ambao watazamaji wanaujua kama mkulima anavyojua masika. Mwishoni mwa Machi au mapema Aprili jike hutaga mayai matatu au manne, yenye rangi ya udongo mwekundu. Huyalalia kwa muda wa siku 33 hivi. Dume humpokea zamu mara kwa mara, akiwa amejinyoosha kwa shida juu ya mayai ambayo kifua chake hakiyatoshi vizuri, lakini kazi yake kubwa ni kuleta chakula. Wakati mwingine wanapokezana windo hewani: dume huja nalo, jike huinuka kumlaki, hujigeuza tumbo juu na kulinyakua kutoka kwenye kucha zake. Watu waliosimama chini husahau chakula chao cha mchana.

Makinda wanapoanguliwa ni vitu vyeupe vyororo visivyoweza hata kuinua vichwa. Mama huwamegea nyama vipande vidogo, mmoja mmoja, kwa utulivu ambao usingeutarajia kwa mdomo ule uliovunja shingo dakika chache kabla. Wakifika wiki tatu, wataalamu wenye kibali huwavisha pete miguuni zenye herufi zinazosomeka kwa darubini, ili aliyezaliwa Derby akija kuonekana mji mwingine ajulikane. Wakifika wiki sita, manyoya yamekamilika, na hapo ndipo hofu inapoanza.

Kuruka kwa mara ya kwanza kutoka jabalini ni afadhali, maana chini kuna majani na mteremko. Mjini, chini kuna magari, vioo na lami. Kinda aliyekosea upepo huishia kando ya barabara, mzima lakini hawezi kupanda tena. Kwa siku hizo chache, watu wanaojitolea huzunguka mitaa ya karibu na sanduku la boksi. Kinda akipatikana hukaguliwa mabawa, kisha hupandishwa ngazi za mnara na kuachiwa juu, ambako wazazi wake huendelea kumlisha kana kwamba hakuna lililotokea. Si wote wanaopona. Zaidi ya nusu ya kozi wachanga hawamalizi mwaka wa kwanza, na mtazamaji mwenye moyo mwepesi lazima alijue hilo kabla hajawapa majina.

Ukiniuliza ni ugunduzi gani wa watazamaji wa mjini ulionipendeza kuliko wote, nitataja mabaki ya chakula. Chini ya minara, waangalizi waliokota mabawa, vichwa na miguu ya ndege walioliwa, wakaviandika kimoja kimoja. Njiwa walikuwepo, kama ilivyotarajiwa. Lakini walikuwepo pia kware wanaohama, vibisi wa kwenye mabwawa, na ndege wa msituni wa jamii ya sululu, ambao mchana hujificha na husafiri usiku tu. Kozi aliwapata wapi? Wachunguzi walihisi kwamba anawinda usiku, kwa mwanga wa taa za mji. Kamera za Derby zikaja kuthibitisha: kozi akirejea mnarani gizani na ndege aliye bado hai kuchani. Ndege wanaohama hupita juu ya mji wakidhani giza limewaficha, kumbe matumbo yao yameangazwa kutoka chini, na kozi anangoja kwenye kivuli cha mnara. Vitabu vyote vilimweleza kuwa mwindaji wa mchana. Ni watu wenye mifuko ya plastiki ya kuokotea manyoya waliovisahihisha.

Mji, basi, umemlea kozi vizuri, na shamba limemtesa. Hili linauma. Katika nyanda za juu za kaskazini ya Uingereza kuna maeneo makubwa yanayotunzwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege kwa bunduki, na huko kozi huonwa kama mwizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba jozi zinazoishi kwenye maeneo hayo zilifanikiwa kulea makinda kwa kiwango cha nusu tu ya wenzao wa kwingine. Sheria ya mwaka 1981 inafanya kuwa kosa kumsumbua kozi akiwa kiotani, na ni sheria hiyohiyo nchi nzima. Tofauti ni macho. Mnarani kuna watu mia wanaotazama na kamera isiyolala. Bondeni kwenye ukungu hakuna shahidi.

Kuna pia wizi. Scotland, katika kesi iliyohukumiwa mwaka 2024, vipimo vya DNA vilionyesha kwamba makinda waliokuwa mikononi mwa watu wakidaiwa kuwa wa kufugwa walikuwa wameibwa kwenye viota vya porini. Soko lao liko Mashariki ya Kati, ambako kuwinda kwa kozi ni mila ya kale yenye hadhi. Siilaumu mila hiyo, na sababu ni ya haki: bila wafuga kozi, kozi wa mashariki ya Marekani wasingerudi. Tom Cade wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyeanzisha shirika la Peregrine Fund mwaka 1970, mwenyewe alikuwa mfuga kozi, na alitumia maarifa ya wafugaji kuwazalisha vizimbani. Maelfu ya vijana wakaachiwa huru. Porini bundi wakubwa waliwala wengi, kwa hiyo baadhi wakaachiwa kwenye minara na majengo ya miji. Mwaka 1983 kozi walizaa kwenye madaraja mawili makubwa ya New York, na mwezi Agosti 1999 Marekani ilimtoa kozi kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Nami sijawatazama kozi wa minarani ila kwa simu, nikiwa Dar es Salaam, usiku wakati kifurushi cha intaneti kinaporuhusu. Ninaowapenda zaidi ni wa Melbourne, Australia, kwenye jengo la 367 Collins Street, ambako kozi wamekuwa wakizaa tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Kwao majira yamepinduka: mayai hutagwa Agosti, makinda huruka karibu Novemba. Wakati wa kufungiwa ndani kwa sababu ya korona mwaka 2020, maelfu ya wakazi wa jiji hilo waliokatazwa kutoka nje waliungana kuwatazama. Nimewahi kukuta mjadala mkali wa watu wasiofahamiana, wakibishana kama kinda wa tatu ameshiba.

Lakini kozi si ndege wa ugenini kwetu. Anaishi Afrika Mashariki mwaka mzima, akizaa kwenye majabali, na kuanzia karibu Oktoba hadi Aprili huongezeka wageni waliosafiri kutoka kaskazini ya mbali, hata kutoka nchi za barafu za Urusi. Huko Cape Town tayari wanazaa kwenye majengo. Miji yetu inaota maghorofa kila mwaka, njiwa na popo hawahesabiki. Hatari nazo zipo: nchini Kenya dawa ya kilimo aina ya Furadan iliwahi kutumiwa kwa kutega ndege wa mashamba ya mpunga na kuulia simba, na sumu ya namna hiyo haichagui anayekula mzoga.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, ukaona njiwa wametawanyika ghafla juu ya paa, inua macho. Tafuta ndege mwenye mabawa yaliyochongoka, aliyetulia kwenye ukingo wa ghorofa au kwenye mnara wa simu. Andika tarehe, saa, jengo, na alichokuwa akifanya. Kama kuna kiota, usitangaze mahali kilipo kwa kila mtu. Peleka taarifa kwa Nature Kenya au kwenye mradi wa Kenya Bird Map ukiwa Kenya, na kwa Tanzania Bird Atlas ukiwa Tanzania. Wanapokea taarifa za watu wa kawaida, na ukurasa wa kozi wa mjini bado una nafasi tele.